MZEE SI OMBAOMBA: TUNADAI HAKI, HATUOMBI SADAKA

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, magari hujipanga mbele ya nyumba za wazee. Turubai hufungwa, viti hupangwa, ngoma hupigwa. Wakubwa hushuka na mchele, sukari, sabuni na mashuka. Mzee hushikishwa mche wa sabuni, mpiga picha humwambia acheke, naye hucheka. Saa nane mchana turubai hufunguliwa, magari huondoka, na mzee hurudi kitandani pake. Usiku huo akiita, nani atamwitikia?

Hilo ndilo swali letu la wiki hii, ndugu wananchi, wala hatutalizunguka. Hatuulizi nani alileta sukari. Twauliza: usiku wa manane, ndani ya nyumba ile, wako macho watu wangapi wa kumwinua mzee, kumpa maji na kumbadilisha shuka? Na asipohudumiwa, ana haki gani ya kudai, na adai kwa nani?

Waliotutawala walitufundisha usemi wa kukata tamaa: mnyonge hana haki. Chama kilizaliwa ili kuukanusha usemi huo. TANU ilipoanzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, haikwenda kwa Gavana na bakuli mkononi. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliposimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, hakwenda kuomba huruma. Alikwenda kudai kilicho chetu. Basi iweje leo, baada ya Uhuru, tuwalipe kwa sadaka watu wale wale waliokata kadi na kuchanga senti zao ili sisi tuitwe raia?

NANI HAO WALIOMO NYUMBA ZA WAZEE?

Wako watu husema: “Mwafrika hamtupi mzee wake. Nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu.” Maneno haya ni matamu mdomoni, na aghalabu husemwa na mtu ambaye hajapata kukanyaga Nunge kule Kigamboni, wala Fungafunga ya Morogoro, wala Bukumbi ya Mwanza, wala Kolandoto ya Shinyanga, wala Njoro ya Moshi. Wala hajapata kufika Sebleni wala Welezo kule Unguja. Nyumba hizo zipo, na zimo watu. Baadhi ya makazi ya Bara yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, waliotengwa na jamii na kuzeekea huko huko. Leo huwezi kumwambia mzee wa namna hiyo arudi kwao. Kwao ni pale.

Kisha wako manamba. Msomaji kijana pengine halijui neno hili vizuri. Walikuwa vibarua waliochukuliwa kwa mkataba kutoka Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji, wakapelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Kwa jasho lao Tanganyika iliongoza dunia nzima kwa mkonge. Wengi hawakurudi. Ujana uliishia shambani, mke alipatikana au hakupatikana, watoto walitawanyika, shamba lilifungwa. Mtu kama huyo, ukoo wake utautafuta wapi?

Tazama ubaya wa jambo hili, ndugu. Mkoloni alipohitaji mikono yao aliwahesabu mmoja mmoja, akawapa namba, akajua asubuhi ni nani aliyekosekana kwenye mstari. Walipokuwa na nguvu walihesabiwa. Leo nguvu zimekwisha, hakuna anayehesabu ni mikono mingapi inayowahudumia wao.

Na wako akina bibi wa Kanda ya Ziwa. Huyu bibi alipika miaka hamsini kwa kuni mbichi na samadi kavu ya ng'ombe, macho yakawa mekundu kwa moshi. Kijiji kikasema ni mchawi. Wenzake waliuawa kwa mapanga. Yeye alinusurika akakimbilia makazi ya wazee. Je, huyu naye tumwambie kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake? Ametupwa, tena na watu wake mwenyewe.

Hatusemi kila mzee apelekwe kwenye makazi. La hasha! Mzee mwenye watoto mahali pake ni nyumbani, na mtoto anayemtelekeza mzazi wake aone haya. Lakini kwa yule aliyekwisha kuingia makazi, nyumba ile ndiyo ukoo wake na Serikali ndiyo mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza hawezi kusema, “Nilikuja Oktoba na sabuni.”

YALIYOONEKANA USIKU

Mwandishi wa maneno haya aliwahi kuingia katika nyumba moja ya wazee saa tatu za usiku. Sitaitaja, kwani aibu hiyo si ya nyumba moja. Nilikwenda kupeleka habari za msiba wa jamaa, na msiba hauchagui saa. Kwa hiyo nikaona kile ambacho wageni wa Oktoba hawakioni.

Palikuwa na mhudumu mmoja tu, mwanamke kijana, na tochi mkononi. Alikuwa zamuni tangu asubuhi, kwa kuwa mwenzake wa usiku hakutokea, na hapakuwa na wa tatu. Kutoka chumba cha mwisho sauti ya mzee ilikuwa ikiita, wala si kwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kutoitikiwa. Nilimwamkia, akaitika marahaba. Kitanda chake kilikuwa kimelowa. Nikataka kupandisha hasira. Mzee akanishika mkono akasema, “Mwanangu, usimlaumu huyu binti. Yeye ana mikono miwili tu, na sisi tuko wengi. Laumu waliomwacha peke yake.”

Maneno hayo ndiyo makala yote haya. Mhudumu si adui wa mzee. Mhudumu na mzee ni wanyonge wawili waliofungiwa nyumba moja. Ukimwacha mtu mmoja na wazee arubaini usiku kucha, kwa mshahara mdogo na bila mafunzo, utampata mtu aliyechoka. Na mtu aliyechoka hukaripia, husahau dawa, humfungia mzee mlango ili asitangetange gizani. Hapo watu watasema, “Wahudumu siku hizi hawana utu.” Siyo. Utu una hesabu yake.

HESABU HAIDANGANYI

Haya, tuifanye hesabu hiyo, maana wakubwa hupenda kusema kwamba wahudumu “wapo wa kutosha.”

Wiki moja ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za mfanyakazi zisizidi 45 kwa wiki, na kila mwaka apewe likizo ya siku 28. Ukiondoa likizo peke yake, mtu mmoja wastani wake ni kama saa 41 na nusu kwa wiki kwa mwaka mzima. Gawa 168 kwa hizo: utapata nne na kidogo. Bado hujahesabu sikukuu, malaria, kuuguza mtoto na kwenda mazikoni. Maana yake ni kwamba ili mtu mmoja tu awe kazini saa zote, usiku na mchana, lazima uajiri watano.

Kwa hiyo mkubwa akisimama na kusema, “Nyumba hii ina wahudumu watano,” msipige makofi. Amekwambieni kwamba nyumba hiyo ina mhudumu mmoja.

Tuendelee. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hutakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama huoza kwa kulaliwa na hutoka vidonda ambavyo vinaweza kumuua. Kumgeuza, kumsafisha na kumpa maji, tuseme ni dakika kumi. Wakiwapo wazee kumi wa namna hiyo, zimekwisha dakika mia katika kila dakika mia na ishirini. Zimebaki ishirini kwa wazee hamsini wengine wanaotaka dawa, wanaotaka kwenda msalani, waliosahau chumba chao. Nani ataweza kazi hiyo? Malaika labda, na malaika hawajaandikwa katika daftari la mishahara.

Sasa tuhesabu nyumba ya wazee sitini kwa namna iliyo ya haki. Zamu tatu za saa nane nane: wahudumu sita asubuhi, sita jioni, watatu usiku. Hapo kila mhudumu wa mchana ana wazee kumi, na hiyo siyo anasa. Zidisha kwa siku saba: ni saa 840 kwa wiki. Gawa kwa saa 41 na nusu: yatakiwa wahudumu 21. Si mia, ni 21, wala humo hatujamtia muuguzi, mpishi wala mlinzi.

Hii ndiyo namba tunayotaka iandikwe ndani ya sheria. Kama wataalamu watasema iwe 19 au 24, tutawasikiliza. Tusichokubali ni kutokuwa na namba kabisa. Mwenye duka la sukari hukaguliwa mizani yake na kupigwa mhuri, ili asimpunje mnunuzi hata robo kilo. Je, mzee ni hafifu kuliko robo kilo ya sukari?

WENYE MALI HUOGOPA NAMBA

Mtu asidhani kwamba vita hii ni yetu peke yetu. Wako vijana wetu wengi, Watanzania na Wakenya, wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee kule Marekani, nao wanaijua habari hii kwa migongo yao. Mwaka 2024 Serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba nyumba za uuguzi za wazee zinazopokea fedha za umma zimpe kila mkazi wastani wa saa 3.48 za huduma kwa siku, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote 24. Chama cha wenye nyumba hizo kikakimbilia mahakamani Texas, na Aprili 2025 jaji akaifuta kanuni. Julai ya mwaka huo huo sheria ya Bunge lao ikazuia isitekelezwe mpaka mwaka 2034. Na nyumba zile nyingine, ambako mzee hukaa katika chumba chake na kusaidiwa kuoga na kuvaa, kanuni ile hata haikuzigusa; kila jimbo hujiwekea lake.

Tuna somo gani hapo? Wenye mali wa Marekani hawakwenda mahakamani kupinga hotuba juu ya heshima ya wazee. Hotuba haziwagharimu kitu. Walikwenda kupinga namba. Namba ndiyo inayotia mkono mfukoni mwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu akikuletea sera nzuri isiyo na namba, jua kwamba hajakuletea kitu ambacho yeyote anakiogopa.

Somo la pili liko karibu zaidi nasi, Afrika ya Kusini. Mwaka 2016 idara ya afya ya jimbo la Gauteng, kwa kisingizio cha kupunguza gharama, iliwatoa wagonjwa wa akili zaidi ya 1,000 kutoka hospitali za Life Esidimeni na kuwagawa katika nyumba za mashirika madogo. Februari 2017 Msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Makgoba, alitangaza kwamba mashirika 27 yaliyowapokea yalikuwa na leseni zisizo halali. Wahudumu hawakuwa na ujuzi, chakula hakikutosha, watu waliwekwa mahali ambapo jamaa zao hawakupajua. Walikufa wagonjwa 144 kwa njaa, kiu, baridi na kutotunzwa. Jaji Moseneke alipotoa hukumu ya fidia mwaka 2018, watu hao walikwisha kuzikwa.

Ndugu, waliofanya hayo hawakuwa makaburu. Ilikuwa Serikali ya watu huru, iliyochaguliwa kwa kura za wanyonge. Twalitaja jambo hili kwa uchungu, wala si kwa kuwacheka ndugu zetu, ili mtu asije akatuambia kwamba kwa kuwa bendera ni yetu, basi hakuna haja ya ukaguzi. Bendera haimgeuzi mgonjwa kitandani.

“SERA IPO,” “FEDHA HAKUNA”

Hapana shaka tutajibiwa: “Sera ipo.” Kweli ipo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na ni nzuri kusoma. Zaidi ya miaka 20 ilipita baada yake, na kilio cha wazee wa Bara kikabaki kile kile: sheria, sheria, sheria. Sera ni ahadi, na aliyeahidi akikosa hashitakiwi.

Tutaambiwa pia: “Katiba ipo.” Nayo ni kweli. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini fungua nyuma kidogo, ibara ya 7, kifungu kidogo cha pili. Pale pameandikwa kwamba mambo ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Basi mzee ana haki, lakini hana mlango wa kubisha hodi! Wenzetu wa Kenya katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 57, waliandika kwamba mzee aishi kwa heshima bila kuteswa, na apate matunzo ya jamaa zake na ya Serikali. Nao waliiweka ndani ya sura ya haki ambazo mtu aweza kuzidai mahakamani. Zanzibar nayo haikungoja utajiri. Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi, na mwaka 2020 ikatunga Sheria ya Wazee. Shilingi 20,000 si nyingi, lakini mzee aliipokea kama haki yake, wala hakupigwa picha akishukuru.

Afrika nzima nayo imekwisha kusema. Itifaki ya Afrika juu ya Haki za Wazee ilipitishwa Addis Ababa Januari 2016 na kuanza kuwa na nguvu Novemba 2024. Ibara yake ya 11 yahusu makazi ya wazee: kuingia kuwe hiari, na huduma zifikie viwango vya chini vilivyowekwa na taifa. Viwango vya chini! Siyo “kadiri hali itakavyoruhusu.”

Yabaki neno la mwisho la kila mkubwa: “Fedha hakuna.” Tunalijua neno hili tangu zamani. Mkoloni alipoombwa shule alisema fedha hakuna, na huku njia za reli za kusafirishia mkonge na pamba zilijengwa. Fedha ni suala la nani hutangulia. Turubai za Oktoba, fulana zenye maandishi, posho za wageni na mafuta ya misafara hulipwa kwa fedha. Vidonda vya kulaliwa navyo hulipwa kwa fedha, hospitalini, baada ya mzee kuharibika. Anayesema kwamba mishahara ya wahudumu ni ghali atuonyeshe kwanza hesabu ya kutowaajiri.

Tena wazee si mzigo. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu alieleza kwamba mzee wa Kiafrika aliyeonekana amekaa bila jembe alikwisha kulima ujana wake wote, na mali aliyokaa juu yake ilikuwa ya wote. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipowakataa wanyonyaji wanaoishi kwa jasho la wengine, liliwatoa katika hesabu hiyo watoto wadogo, wazee na wasiojiweza. Kwa hiyo anayekula mali ya nchi bila kuifanyia kazi si yule mzee wa Nunge. Mtafuteni kwingine.

TUNADAI NINI?

Kwanza, sheria itaje idadi. Pasiwe na nyumba ya wazee, ya Serikali, ya dini au ya mtu binafsi, yenye wahudumu pungufu ya wawili walio macho usiku, hata ikiwa na wazee wachache. Zaidi ya hapo idadi ipande kwa kadiri ya wazee wasiojiweza, na kila zamu awepo mwenye ujuzi wa uuguzi. Orodha ya walio zamuni ibandikwe mlangoni, ili mgeni yeyote aweze kuisoma na kuhesabu vichwa.

Pili, mhudumu afundishwe, apewe cheti, mshahara wa kumwezesha kuishi na mapumziko yake. Anayetaka mzee aheshimiwe aanze kwa kumheshimu anayemwogesha.

Tatu, haki za mkazi ziandikwe na asomewe kwa Kiswahili, au kwa lugha yake kama Kiswahili hakijui: kwamba ameingia kwa hiari na aweza kutoka, kwamba sanduku lake na ufunguo wake ni vyake, kwamba fedha zake hazishikwi na mtu bila hati na shahidi, kwamba anaambiwa dawa anayomeza ni ya nini, kwamba hapigwi, hafungwi kamba, hafungiwi mlango, kwamba mume na mke hawatenganishwi, kwamba apokee wageni wake, kwamba hapigwi picha akipewa sabuni ila akipenda mwenyewe, na kwamba akifa atazikwa kwa dini na desturi yake, na kaburi lake litakuwa na jina. Hili la mwisho, ndugu, ndilo wanalolizungumza usiku kuliko yote.

Nne, kila nyumba iwe na kamati ya wazee wenyewe. Sheria ya Wazee ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2006 imeweka kamati za wakazi, nayo imetaja haki za mkazi moja moja. Kama sheria hiyo ingefuatwa kwa moyo kila mahali, tungekuwa na mfano wa kuiga. Nasi tuige maandishi yake na kuongeza utekelezaji. Waliokuwa wenyeviti wa matawi yetu hawashindwi kuongoza mkutano wa watu sitini.

Tano, mkaguzi aje bila taarifa, tena usiku, wala asitoke ofisi ile ile inayoendesha nyumba. Ripoti yake itolewe hadharani. Nyumba isiyo na leseni ifungwe, lakini isifungwe kabla wazee wake hawajapatiwa mahali penye wahudumu. Yaliyotokea Gauteng yatutoshe.

KAZI YA TAWI LAKO

Mwanachama, usiisome karatasi hii ukaifungia vitumbua. Kama kata yenu ina nyumba ya wazee, tawi lichague watu watatu, wakiwamo wanawake, waende pale mwezi huu. Wasiende na turubai. Wakitaka kubeba sukari na waibebe, lakini waingie na maswali manne: Jana usiku walikuwapo wahudumu wangapi? Fedha za wazee zinawekwa na nani? Wazee walikutana lini wao wenyewe na kusema lao? Mkaguzi alikuja lini mara ya mwisho, na aliandika nini? Majibu yaandikwe, yasomwe kwenye mkutano wa tawi, yapelekwe kwa diwani na kwa mbunge. Na mbunge akija kuomba kura, mwulizeni juu ya namba. Akianza kueleza jinsi anavyowapenda wazee, mkatisheni kwa heshima na mwulizeni tena.

Nasi sote twaelekea huko. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi kama milioni mbili na nusu, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta wamezidi milioni tatu. Kijana unayesoma habari hizi ukiwa umesimama ndani ya daladala, kitanda kile chenye shuka lililolowa kinaweza kuwa chako.

Wazee wetu hawakutuachia Uhuru kama sadaka. Walitukabidhi kama haki, nao walijua tofauti yake. Na turudishe kwa namna ile ile.

Mnyonge ana haki. Na haki yake ihesabiwe!